Mlima Baada ya Maji

Mimi ndiye niliyejaza ule mtungi.
Sitaki mtu aniambie si kosa langu;
naujua mkono wangu, naijua geji,
najua baa mia mbili zinavyolia kwenye vali
kama chungu cha maharage kinachoanza kuchemka.

Matema, Jumatano, mvua imepumzika.
Injini ya boti ya Mwaipaja imelala mita sitini na nne,
pale milima ya Livingstone inapoingia ziwani
bila kuvua viatu.
Andongwisye akasema: Jaza hewa.
Hewa tu. Hii hii.
Nikamwonyesha mtungi wa kahawia, heliamu,
uliokuja kwa meli, kisha kwa lori, bei yake ng'ombe watatu
(na wapo wasemao gesi hiyo hiyo imelala chini ya Rukwa,
jirani kabisa, kama mali ya shemeji).
Akacheka. Tangu lini mtu akanunua pumzi?

Hewa ya huku juu ni mpole.
Ukiishusha inabadilika tabia.
Kila mita kumi ziwa linakubebesha anga jingine,
na naitrojeni, ambayo hapa ufukweni
hatuijui hata kwa salamu,
inaanza kukukaribisha.
Mita arobaini: umeonja ulanzi.
Hamsini: umemaliza debe, na wewe ndiye msemaji wa ukoo.
Sitini mtu anaweza kumpa samaki mpira wake wa kupumulia
kwa ukarimu tu.

Alinisimulia mwenyewe:
alifunga kamba kwenye injini mara nne,
fundo lile lile,
akiwa na furaha, furaha kubwa,
mpaka mshale wa geji ukamkumbusha ana mke.
Akapanda haraka kuliko mapovu yake.

Bibi yangu, kule Ikombe, alifinyanga vyungu.
Udongo aliukanda kwa kisigino, tena kwa kiganja,
akiusikiliza.
Povu moja, alisema, dogo kama punje ya ulezi,
likibaki ndani litausubiri moto.
Chungu kitapasuka usiku, peke yake,
na wewe utalaumu kuni.

Saa nane aliomba chai.
Saa tisa kikombe kikamponyoka.
Kiwiko, akasema. Halafu goti.
Halafu hakusema.

Oksijeni ilikuwepo. Nusu mtungi, stoo,
nyuma ya magunia ya mpunga.
Ufunguo alikuwa nao Syeba,
na Syeba alikuwa mnadani Ipinda.

Tukamlaza kwenye pikapu, tukaishika njia ya Mbeya.
Kyela, tambarare, bado alikuwa akimtania dereva.
Tukuyu, migomba, chai, ukungu:
akauliza miguu yake tumeiacha wapi.
Kiwira. Isyonje, baridi, viazi kwenye ndoo,
akina mama wakituchungulia,
na anga limelegeza mkono wake juu yetu,
na kila povu ndani ya damu yake
limepata nafasi, limenenepa.
Dereva alikanyaga mafuta kwa huruma.
Kwa huruma tulimpandisha
mita elfu moja na mia saba.

Siku hizi nachanganya.
Plasta kwenye shingo ya kila mtungi:
tarehe, asilimia, kina cha mwisho, jina langu kwa kirefu.
Vijana wananiita Mama Asilimia. Wananung'unikia bei.
Nawaambia: ukitoka majini, lala Matema,
usipande hata Tukuyu,
hata kama kuna msiba.

Andongwisye anakaa Lyulilo, magongo mawili,
anamkandia shangazi yake udongo.
Kazi ya wanawake; hajali.
Jana nilipita. Hakuanza na salamu.
Leo umeweka ngapi?
Oksijeni kumi na nane. Heliamu arobaini na tano.
Akanyamaza kama anayehesabu ng'ombe wa mtu mwingine,
akachukua bonge jingine,
akalibamiza juu ya ubao,
akategesha sikio.