Mshono wa Kizembe

Nashona kofia mimi, chumbani kwa Kibokoni,
Sindano ndiyo ulimi, yasema yalo moyoni,
Na huu mwaka wa kumi, Shekue hako nyumbani,
Sautiye sisikii, sioni yake ishara.

Alikwenda Doha kazi, akapiga mara mbili,
Nikabaki na machozi, na namba isokubali,
Na uchungu wa uzazi, huitafuna akili,
Mfa maji hachagui, hushika hata tambara.

Nikavukia Likoni, kwa ajitaye Tabibu,
Picha yake mlangoni, na joho lenye dhahabu,
Akasemea puani, kiasi cha Kiarabu:
“Kwa hirizi hakawii, ila utoe kafara.”

Nikauza na bangili, kidani na pete zangu,
Na cherehani ya pili, nikabakiwa na vyungu,
Hirizi kawa badali, ikapanda shingo yangu,
Simu bado hailii, naye ataka ijara.

Usiku mmoja jasho, likaifumua pembe,
Mshono, mwanzo na mwisho, ulikuwa wa kizembe!
Nikapuuza vitisho, nikaichana kwa wembe,
Humo dua haikai, wala aya, wala sura.

Ni risiti ya stima tu, shilingi mia na sita,
Ilokunjwa mara tatu, na gundi inayonata,
Nikacheka kama mtu, aliyekoma kutweta:
Mali yangu siidai, nimelipia busara.

Mtungi wa marehemu, mama, pembe ya mlango,
Hamali hunywa kwa zamu, bila bei wala hongo,
Kwa feri na kwa wazimu, ulikauka udongo,
Kukicha tu sikawii, naujaza kwa subira.

Kwa Mungu hakuna haja, ya dalali wala feri,
Mkeka wangu mmoja, wanitosha alfajiri,
Mwana lini atakuja? Sijui, hiyo ni siri,
Wala mimi siagui, namwachia mwenye dira.

Jana simu ikalia, nikadondosha sindano,
Kumbe Tabibu, ania, tumalize mapatano,
Nami nikamsomea, risiti neno kwa neno,
Akakata. Sijutii, nikashona barabara.

Ngozi ile nimekata, kinga ya kidole ndogo,
Kadenge ashika kata, atua kwanza mzigo,
Anywa, midomo afuta, aniombea kidogo.
Cha Mola hakichakai, cha mja huwa tambara.