Rehani ya Amani

Karani wa Dolgellau ana mafua na kalamu inayovuja.
Jina la mtoto?
Tangwystl, nasema.
Anainua uso. Herufi moja moja, mama, taratibu.

Sijafika hata kwenye y, ambayo kwetu ni irabu,
nao wameanza kuingia,
wakipangusa matope mlangoni.

Wa kwanza hana kaburi. Yumo katika daftari la kodi,
mstari mmoja, wino wa rangi ya chai:
mjane Tangwystl na ng'ombe mmoja, chongo.
Hadi leo kwetu tunabishana
chongo alikuwa nani.

Wa pili alikuwa na miaka sita baba zake waliposhindwa.
Washindi walitaka kitu cha kushika
wakapewa yeye, na farasi, na mbwa wawili wa kuwinda.
Mbwa walirudi.

Wa tatu, binti wa mpasua mawe,
alikutwa shuleni akinong'ona kwa lugha ya mamaye.
Wakamvika kibao shingoni.
Akaenda nacho nyumbani chini ya koti, kwenye mvua,
na mama yake, bila neno,
akakikatia vitunguu majira yote ya baridi.

Jina jema hung'ara gizani, husema watu.
Labda. Haya yetu yalinuka moshi, samli,
na sufi iliyolowa.

Kisha shangazi, Tangwystl Prydderch,
aliyeendesha lori la maziwa miaka thelathini
akiwatukana kondoo barabarani kwa majina yao.
Nilipomwambia nina mimba, alizima redio.
"Usimpe langu. *Tang* ni amani, sawa.
Lakini *gwystl* ni mtu awekwaye rehani.
Kila walipotaka amani, mwanangu,
walikuja kumchukua mmoja wetu."
Tulimzika Januari. Ardhi ilikuwa ngumu,
wachimbaji walikunywa chai mara tatu.

Sasa mtoto amekamata kidole changu
na haachii.
Namtazama: macho bado hayajaamua rangi.
Nani hapa rehani,
na nani anamdai nani?

Karani anapiga chafya, anageuza fomu nitie sahihi.
Ameiacha l ya mwisho.
Ingekuwa rahisi. Nje, basi la saa tano linanguruma,
na maziwa yameanza kunichuruzika.

Hapana, bwana. Naisukuma karatasi irudi kwake.
Ipo moja zaidi.
Iandike nayo.