Kodi

Kitabu chetu hakina jalada.
Mchwa walilila jina la mwandishi pamoja na mwaka,
wakatuachia kurasa kuanzia ya kumi na tatu
na doa la chai lenye umbo la figo.
Tulikinunua Mwembe Tayari kwa shilingi hamsini,
muuzaji akatuongeza kalenda ya mwaka uliopita.

Kila Alhamisi baada ya isha
twakutana Majengo, nyuma ya duka la kopi la Shebe,
penye joto la mashine isiyopoa.
Ochola huja na magwanda ya bandarini,
Mwatabu na mwanawe mgongoni,
Bi Nyevu na miwani iliyofungwa uzi.
Mimi ndiye msomaji:
Kiingereza chaingia jichoni,
Kiswahili chatoka kinywani kikichechemea.

Aliyekiandika aliwaogopa wafalme,
akawaandikia vivyo hivyo, kwa sauti ya chini,
kama mtu asemaye na mbwa asiyemjua.
Dola ni ya nani? Nani alimpa nani?
Twabishana mpaka Shebe azime taa.
Neno moja laweza kutumaliza mwezi.
Haki, kwa mfano: wenzetu wana maneno mawili,
la kudai na la kuhukumu.
Sisi tunalo moja tu,
na hilo moja, asema Ochola, bado lipo njiani.

Alhamisi iliyopita nikafika ukurasa wa sitini na moja.
Nikasoma taratibu, nikipima:
kodi isiyo na ridhaa ya mlipaji
ni wizi uliovaa joho.

Ochola akarukia makato ya mshahara,
Mwatabu ushuru wa soko la Kongowea,
na risiti asizopewa.
Bi Nyevu akainua kidole.
“Kodi ipi?”
Kwa lugha yake, nikasema, ni ya serikali.
“Na kwa yetu?”

Kwa yetu, kodi ni kodi.
Walipopasua wao, sisi hatukupasua.

“Basi sikiza. Nyumba ni yangu.
Mawe alibeba babu, chokaa alichoma babu,
choo alichimba mpaka maji ya chumvi yakamjibu.
Ardhi ni ya mtu nisiyemjua hata sura.
Kila mwezi namlipa
kwa kuwa nyumba yangu haijajifunza kuelea.
Ridhaa niliitoa lini?
Au alitoa babu, na maiti bado yuatia sahihi?”

Hakuna aliyegeuka kunitazama.
Ule ulikuwa uungwana wao,
nao ulinichoma kuliko macho.
Maana mchana, Barabara ya Digo, ghorofa ya pili,
kwenye ofisi ya wakala wa huyo asiyejulikana sura,
mimi ndiye niandikaye risiti.

Bi Nyevu akafungua mkoba,
akatoa bunda lililokazwa kwa mpira wa baiskeli,
akaliweka juu ya ukurasa wa sitini na moja.
“Hiki nacho ni kitabu.
Tena hiki mwandishi wake yupo. Soma.”

Nikasoma.
Mwanzoni hati ya mtu aliyenitangulia,
wino wa buluu, herufi zimelala kama zimechoka.
Kisha hati yangu, miaka kumi na tisa:
tarehe, kiasi, nambari ya kiwanja,
tarehe, kiasi, nambari ya kiwanja,
mwezi aliozikwa mumewe, kiasi kile kile,
mwezi wa mafuriko, kiasi kile kile na faini,
na chini ya kila karatasi, sentensi moja
niliyoiandika bila kuisoma:
Imepokewa kwa shukrani.

“Shukrani,” akasema Mwatabu, akimhamisha mtoto bega.
“Ya nani kwa nani?”

Nimewatafsiria watu hawa uhuru, mamlaka,
hata lile neno refu la ukurasa wa arobaini.
Hili ni letu, halihitaji kamusi.
Nikavua miwani, nikaipangusa, nikaivaa,
nikaipangusa tena.

Saa sita ikapita.
Shebe, mkono ukutani kwenye swichi, hakuzima.