Mizani ya Fisi

Mchana napima dagaa Mwaloni, kilo kwa kilo,
jicho kwenye mshale, kidole mbali na sahani.
Usiku, umeme ukikatika Bugarika,
napima watu.

Wachezaji tisa juu ya jiwe, nyuma kwa mama Nabwire,
jiwe linalotunza joto la jua hadi saa nne.
Kadi nimezikata kwenye boksi la sabuni.
Fisi wawili. Mfumu mmoja wa kuota.
Mlinzi mmoja, haruhusiwi kulinda mlango uleule mara mbili.
Waliobaki ni raia: wana kura na midomo, basi.

Nilianza na fisi watatu. Mji haukufika asubuhi ya pili;
fisi wakilingana na watu, hesabu imefungwa.
Nikaweka mmoja. Maskini Lugembe, fisi wa peke yake,
akajitaja kwa kicheko
kabla hatujamuuliza alilala wapi.
Mfumu nikampa ndoto mbili kwa usiku:
Kokushubira akatusoma wote kama daftari la madeni,
watoto wakapiga miayo.
Nikampunguzia, ndoto moja,
na kati ya raia nikapenyeza mlevi,
hana hatia, ila ndotoni hutokea na mkia.
Tangu hapo mfumu kajifunza kusema "nadhani".

Ndiyo kazi yenyewe:
uongo uwe na pa kujificha,
ukweli uwe na upenyo,
na asiwepo ajuaye kwa hakika
ila mimi, nisiye na kura.

"Mji, laleni."
Huko chini taa za wavuvi zimejipanga ziwani
kama mji mwingine ambao haujakatiwa umeme.
"Fisi, amkeni." Masalu anafumbua. Mbuke anafumbua.
Mume na mke, ndoa haijatimiza mwaka,
wanatazamana kama waliokutana dukani kwa siri.
Wananionyesha kwa kidevu: Lugembe.
Siku zote Lugembe.

"Kumekucha," natangaza gizani.
Lugembe kafa, anasogea pembeni na muwa wake.
Kelele. Nani alijikuna? Nani alikohoa kwa kukusudia?
Mbona Masalu leo mpole?
Salmini anamnyooshea kidole Nyamizi, mpangaji mgeni,
muuza samaki wa kukaanga pale kona:
"Mtazameni macho. Mekundu!"
Wanacheka.

Bibi yangu alikuwa na macho mekundu.
Miaka hamsini ya kupuliza moto wa mavi ya ng'ombe,
kuni zilikwisha zamani kule kwetu.
Ndama wa jirani walikufa watatu, kisha mtoto akaugua,
wakakaa kikao, wakanyoosha mikono.
Mlinzi hakuwepo.
Mfumu alilipwa mbuzi ili aote.
Nimezipanga kadi zile mara nyingi, kitandani, njiani, kazini,
nikitafuta idadi ambayo ingemwokoa.
Raia: mia mbili na kumi.
Fisi: sifuri.
Mchezo wa namna hiyo hauna kanuni wala mwisho.
Mji unapiga kura, unafunua kadi, ni raia;
unalala, unaamka,
ndama mwingine kafa,
unapiga tena.

"Nyamizi, dakika moja ya kujitetea."
Anafikicha jicho. "Ni moshi," anasema. "Mafuta ya sato."
Dakika nyingine yote ananyamaza.
Mikono sita juu, wa Mbuke ukiwa wa kwanza.
Kadi inafunuliwa kwa mwanga wa simu:
raia.

Ukimya. Jiwe limeanza kupoa.
Salmini anatafuta ndala yake isiyopotea.
"Tucheze tena," anasema Nyamizi, ananirudishia kadi.
"Safari hii nipe ufisi.
Kama ni kufa, nife nimekula."

Nachanganya kadi, polepole, mgongo kwa mwanga.
Miaka kumi na moja ya mizani,
na leo, Mungu anisamehe,
kidole kinagusa sahani.