Kesho Ana Mtihani

Ghaniya binti yangu kachora jedwali:
viumbe wawili wawili, na mbele ya kila jozi
visanduku vya kutia jumla, toa, au sifuri.
Kitabu cha Kiarabu, ubishi wetu wa Kiswahili,
miguu yetu sote imo ndani ya falaji.

Samaki wa humu hawazidi kidole.
Wanakuja kundi, wanadonoa visigino,
magaga yangu ya mwaka mzima wanayala kama visheti.
"Jumla kwao," asema. "Na kwako?"
Ninacheka kwa mtekenyo. Anaandika: jumla.
Hiyo nyepesi.

Migomba chini ya mitende,
ndiyo iliyoupa mji wetu jina, Birkat al-Mauz.
Jua la Juni lingeibabua mpaka shina;
mtende unaikinga, wala hauna habari.
Jumla, na sifuri.
"Lakini mizizi yao hunywa maji mamoja," namwambia.
"Ngoja zamu ya maji ichelewe, uone."
Akafuta sifuri. Akairudisha. Akaguna:
"Mama, usinichanganye."

Haya, yule mdudu mwekundu mwenye mkonga.
Mwaka juzi tulitega sikio kwenye mtende wa bibi
tukasikia ndani kama mtu anatafuna bisi.
Makuti ya juu bado yalikuwa kijani,
yanapungia wapita njia.
Tulipoupasua, moyo ulikuwa uji.
Hapa Ghaniya hakuniuliza kitu.
Alikandamiza ile toa mpaka ncha ya penseli ikakatika.

Kupe na punda wa Bi Shinuna: hiyo twaijua.
Kwezi wa Kihindi, aliyemfukuza mwenyeji
kwenye tundu la ukuta, naye kaja juzi tu?
Huyo naona haya kumsema.
Sisi tulishuka hapa na masanduku mwaka wa sabini na nne,
tunanukia karafuu, lugha imetugeuka mdomoni,
na jirani wa kwanza akauliza tutaondoka lini.

Imebaki jozi ya mwisho, ya kitabuni:
mtende jike, na mkono unaoupelekea chavua.
Upepo peke yake huuletea tende chache, nyembamba.
Juu yetu, kiunoni kamba ya habuli,
Rafikul anapachika maua dume katikati ya maua jike,
anayafunga kwa ukuti, taratibu,
kama anayemvika mtoto kofia.
Mwaka wake wa nane huu.
Mwanawe alimwacha anatambaa;
sasa anatumiwa picha, yuko juu ya baiskeli.
Pasipoti yake imo kwenye mtoto wa meza ya baba yangu,
chini ya risiti za mbolea.

Ghaniya akachora mstari ambao haumo kitabuni.
Upande huu: Rafikul. Upande huu: sisi.
Akanipa penseli.

"Mtihani unataka viumbe wa aina mbili," nikasema.
"Huyu ni mtu. Aina moja na sisi."
"Kumbe," akasema.
Akaningojea.

Juu, Rafikul akakung'uta kikole kilichokwisha.
Vumbi jeupe likatushukia,
kwenye nywele, kwenye daftari, kwenye maji.
Samaki wakapanda mbio wakidhani chakula,
wakaonja,
wakatema,
wakairudia miguu yangu.