Usukani wa Kitindamimba

Huku Sohra mvua haibishi hodi.
Yeye ndiye mwenye nyumba, sisi wapangaji.
Na kwa mila yetu Wakhasi, mirathi ni ya binti wa mwisho:
nikapata nyumba, vyungu, deni la dukani,
na Maruti nyeupe ya mama
inayovuta kushoto.

Mjomba Trolin hakunipa pole.
Alitandika gunia, akajipenyeza chini ya gari
mpaka zikabaki soksi zake tu, zimetoboka,
kisha sauti: "Njoo uone maji yanakoishi."

Mimi nilidhani maji huja kwa kishindo, kwa mlangoni.
Kumbe yalipita kwenye ufa wa raba,
mwembamba kama tabasamu la anayekudai,
yakajilaza ndani ya raki ya usukani
masika matatu, bila kodi,
yakaigeuza grisi kuwa uji wa kijivu.
Alinipaka kidoleni. "Nusa."
Ilinuka sarafu za zamani.

"Shika tairi kushoto na kulia, tikisa.
Likicheza, tairodi.
Shika juu na chini.
Likicheza, beringi.
Chini ya kioo toa majani, mifereji ipumue.
Zulia likilowa, lifunue siku hiyo hiyo;
kutu haina Jumapili."

Kisha akanyamaza, spana mkononi.
"Dada yangu aliendeshaje hili?"

Aliliendesha kwa bega.
Miaka yote ile akiuvuta usukani kulia, kidogo,
kidogo tu, ili sisi twende moja kwa moja
shuleni, kanisani, sokoni na magunia ya machungwa.
Usiku tukimsugua bega lile mafuta ya haradali,
tukiisingizia baridi.

Raba mpya: bei ya sahani mbili za wali na nyama.

Asubuhi nikashuka na gari peke yangu.
Likanyooka kama uzi.
Ila mkono wangu, uliojifunza kwa kuutazama wake,
ukavuta kulia wenyewe,
nusura nimparamie mbuzi wa watu
pale kwenye kona ya kiwanda cha saruji.
Nikasimama kando. Nikacheka, nikalia,
vipangusio vikienda huku na huku
kwenye kioo kikavu: nilisahau kuvizima.

Halafu ikaanza kunyesha.
Nikaviacha.