Magurudumu Yatabeba

Saa kumi jioni, kabla ya ligi ya Alhamisi,
naiweka mashine kwenye mstari wa kurushia,
nabonyeza kitufe cha kijani, narudi nyuma hatua mbili.
Inakwenda ikinong'ona kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake,
inapaka futi arobaini.
Ishirini za mwisho inazipita bila kudondosha tone.

Huyaoni. Mgeni huambiwa hilo kwanza:
mafuta huyaoni, utayajua kwa tufe.
Penye mafuta litateleza,
litakwenda wima kama limebeba barua ya serikali;
likifika pakavu litaukumbuka mkono uliolizungusha,
litashika ubao, litakunja kona,
litazivamia pini kwa ubavu.

Njia sita tu, ghorofa ya pili, juu ya duka la pembejeo.
Harufu ya mbolea imeingia hadi kwenye viatu vya kukodi.
Kiangazi kikikolea hapa Nakuru
vumbi la magadi hutoka ziwani, hupanda ngazi
bila kulipa kiingilio.
Nafagia. Napaka. Nafagia.

Saa moja wanaingia: Bwana Kalsi wa vipuri,
tufe lake jeusi kwenye begi kama mtoto aliyelala;
Gathoni wa benki, anayetumia mkono wa kushoto;
Daktari Ombasa, ambaye akikosa
hulaumu viatu, kisha taa, kisha Mungu.

Raundi ya tatu, Kalsi ni mfalme.
Raundi ya saba, tufe lile lile, mkono ule ule,
halikunji.
Linazipita pini kando kama jirani mwenye deni.
"Kageha! Mashine yako imelewa!"

Nalishika tufe lake chini ya taa.
Pete za mafuta, moja kando ya nyingine,
kama alama za vikombe kwenye meza ya mkahawa.
"Haya uliyachota mwanzoni ukayapeleka mwisho,
kidogo kidogo, kila ulipoviringisha.
Palipokuwa pakavu umepapaka mwenyewe.
Nilipopapaka mimi, umepakausha."
"Peke yangu?"
"Wewe na Daktari. Gathoni hayumo,
yeye hupita upande wa pili. Kwake bado asubuhi."

Analifuta kwa taulo, hajaridhika.
Namwambia asogee mbao mbili kulia.
Anasogea moja.

Baba yangu, Musundi, alipaka reli mafuta
kwenye kona za mlima wa kwenda Njoro.
Kopo, brashi, koti la kampuni lililopoteza kifungo.
Likizo moja nilimfuata, nilikuwa na miaka tisa.
Alipaka mwanzo wa kona, hatua kama ishirini,
akafunga kopo.
Nikamwuliza, na huko mbele? Kona bado ndefu.
"Huko si kazi yangu. Magurudumu yatabeba."
Sikumwamini. Nilidhani amechoka tu,
na labda alikuwa amechoka.
Tukakaa kwenye nyasi, tukala viazi vya baridi,
hadi treni ya mizigo ikaja na mabehewa yake ya ngano.
Nikaziba masikio nikingoja chuma kipige yowe.
Behewa la kwanza likapita. La kumi.
Baba akaniondoa vidole masikioni.

Saa nne usiku naosha njia zote sita.
Mashine inalamba, inanyonya, inameza;
kesho hakuna atakayejua nani alipita wapi.
Kalsi ameondoka na ushindi wa pini tatu
na sehemu ya mafuta yangu ndani ya begi.

Nyumbani mtoto amelala, daftari la hesabu liko wazi mezani,
mwalimu anataka sahihi ya mzazi.
Nimenawa kwa sabuni mara mbili.
Hata hivyo, natia sahihi, nainua mkono,
na dole gumba limeacha doa pembeni mwa ukurasa.
Karatasi hapo imekuwa kioo:
hesabu ya ukurasa wa nyuma inaonekana,
imegeuka,
bado haijafanywa.